Nilijenga mgahawa bondeni Murungu, mto ukaja, kijiji kikanililia nikiwa hai

Wakuu, kwema huko mliko?

Mimi humu ni msomaji tu. Napita kimyakimya, nacheka, naenda zangu. Leo imebidi niandike kwa sababu juzi mdau mmoja aliuliza kama inafaa kufungua mgahawa pembeni ya mto, watu wakamjibu ovyo ovyo. Mmoja kamwambia ajenge ukuta mkubwa, basi. Huyo wa ukuta ndiye kaniamsha.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, chumvi yangu yote ililowa stoo, mtaona huko mbele. Ukidhani ni chai, wewe kunywa tu.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, fundi ujenzi mwenye cheti. Kambi ya Mtendeli ilipokuwa bado iko wazi nilijenga vyoo huko, kisha nikahamia Nyarugusu, vyoo tena na madarasa. Katikati ya hayo nikaoa Kibondo, kata ya Murungu. Mke wangu anaitwa Devota.

Devota anapika, wakuu. Ugali wake wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, wa nazi, mtu anakula halafu anakaa kimya kidogo kama anakumbuka kitu. Ndoto yake tangu tunaoana ilikuwa mgahawa wa bondeni, watu wale huku wanaangalia maji.

Bonde lenyewe ni la baba yake. Kazi zangu za kambini zilipoisha, tukaenda kumwomba. Baba mkwe ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa akiwa anaangalia pembeni. Akanionyesha kipande chini ya njia ya kanisani, mto unapita pale chini. Akasema nikitumie.

Sasa, mwanaume kwenda kukaa kwenye ardhi ya ukweni ni mtihani, wanaojua wanajua. Kijiweni waliniita "mke wa Devota". Nikavumilia. Nyumbani Kasulu kiwanja chetu tuko ndugu saba, kwa hiyo sikuwa na pa kurudi.

Na kulikuwa na shemeji yangu Jonas, kaka yake Devota. Yeye analima juu kidogo ya mto, na kipande kile alikuwa anakitaka kwa maharage tangu zamani. Hakunichukia, ila kila tukionana alikuwa anakiulizia kile kiwanja afya yake.

Nilipima mwezi wa nane. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Mwezi wa nane mto wetu kuku anavuka bila kulowa magoti. Nikajiona injinia. Nikasema huu nikiuwekea ukuta wa matofali ya kuchoma usawa wa kifua, upande wa mtoni na pembeni mbili, habari imekwisha.

Ukuta ulisimama, wakuu. Nondo ndani, saruji ya kutosha, pima maji kila kozi, yaani kila mstari wa matofali. Ndani nikamwaga sakafu ya zege, nikaweka viti vya plastiki na vibanda vya nyasi. Nje nikachora kibao kwa mkono wangu: RIVERSIDE GARDEN. Devota akauliza nani hapa Murungu atasoma hicho. Nikamwambia wateja watatoka mbali.

Mvua za mwanzo zikaja mwezi wa kumi na moja.

Maji hayakutokea mtoni. Yalitokea nyuma, mlimani, kwenye mashamba ya watu, yakashuka moja kwa moja upande ambao sikujenga ukuta. Yakaingia. Yakataka kutoka kwenda mtoni kama yalivyofanya miaka yote, yakakuta ukuta wangu.

Ukuta haukutikisika. Ulikuwa imara kweli, yakabaki ndani yote. Viti vikaanza kuelea, sufuria ya maharage ya Devota ikaondoka na mfuniko wake, stoo ya chini ikajaa, na chumvi ndiyo hapo ilipoishia. Upande wa mtoni, nje ya ukuta, kukavu.

Baba mkwe akaja na mwavuli wake. Akapanda juu ya ukuta, akasimama pale, viatu vikavu kabisa, akaniangalia mimi niliyekuwa ndani maji yamenifika kiunoni nimeshika viti viwili.

"Mkwe," akasema, anaangalia pembeni, "nilikupa kiwanja. Bwawa umechimba wewe."

Kisha akatoa hukumu. Mvua za mwaka huu ziishe zote. Mto ukipita mwezi wa nne na mgahawa ukabaki, kiwanja ni cha binti yake na mimi. Mto ukichukua, Jonas apande maharage, na sisi tutafute pengine. Jonas alikuwa pembeni pale, ameshika kidevu, kama mtu anayepiga hesabu ya mbegu.

Jioni ile nililia, sitanii. Devota hakulia. Alikuwa anatafuta mfuniko.

Nikampigia mzee mmoja niliyefanya naye kazi Nyarugusu, seremala wa Kikongo, sisi tulimwita Papa Fidèle. Katokea upande wa Uvira, mito ya kule inashuka milimani inabeba nyumba. Nikamweleza yote, ukuta, nondo, kozi.

"Ndugu," akasema, "mayi unaifungiaka mlango juu ya nini? Ile njia ni ya yake. Acha ipite, we ukae pembeni. Ikiisha kupita, urudilie nafasi yako."

Nikamuuliza, kama maji hayafungiwi mlango, sasa nijengeje. Akasema nijenge vitu vya aina mbili tu: vile ambavyo maji yanaweza kuvipitia, na vile ambavyo watu wanaweza kuvibeba. Kitu ambacho hakipitiki na hakibebeki kiende juu mlimani.

Wakuu, hiyo ndiyo elimu yote. Mngetaka mngeishia hapo. Ila hamjasikia kilichonipata, kwa hiyo endeleeni.

Kwetu mvua hupumzika kidogo kati ya mwezi wa kwanza na wa pili. Wiki zile nilibomoa ukuta wangu mwenyewe kwa nyundo. Watu walikuja kuangalia, wengine na watoto. Niliacha vipande vifupi vifupi vyenye mapengo, leo ndiyo mabenchi ya kukalia. Sakafu ya zege nikaivunja, nikaweka mawe na changarawe yenye mteremko, na nyuma nikachimba mtaro wa kuyapokea yale ya mlimani niyapeleke mtoni kistaarabu. Ukingoni nikapanda majani ya mabingobingo yashike udongo.

Jiko, stoo na choo nikavihamishia juu. Najua kuna wanasheria wa mita sitini kutoka mtoni wanasubiri hapo, kaeni chini, nilipima kwa kamba, viko nje ya mita sitini. Bondeni hakubaki kitu cha kudumu.

Vibanda ndivyo ninavyojivunia. Vinne, kila kimoja nguzo zake zinaingia kwenye vipande vya bomba nilivyozika kwenye mawe, kuna pini. Ukichomoa pini, watu sita wanainua kibanda na paa lake, wanaondoka nacho.

Swali likawa, watu sita wa kuinua kwa pamoja nawatoa wapi?

Hapa niwaeleze ninyi wa Dar. Huku kwetu vijiji vingi gari haliingii mvua zikinyesha. Mgonjwa anabebwa kwenye ingobyi, machela iliyosukwa kama kitanda, ina miti miwili ya kuweka mabegani. Kila mtaa una kikundi chake cha kubeba. Kama hujawahi kubeba wengine, siku yako ikifika utatembea mwenyewe. Wale watu wanajua kutembea kwa hatua moja kwenye utelezi na mzigo usitikisike. Mkuu wa kikundi chetu anaitwa Filimoni, mrefu, mpole, ana bega moja limeshuka kwa kazi hiyo. Nikaongea naye, wakafanya mazoezi mara mbili na kibanda. Akasema ni chepesi kuliko katekista wetu, waliyewahi kumbeba akiumwa.

Na ingobyi ina adabu yake, hii muishike maana ndiyo iliyoniua. Ukikutana nayo njiani huulizi ni nani. Unaweka jembe chini, unapokea mti kwa aliyechoka, unabeba. Maswali ni huko mbele, ikishatuliwa. Kuuliza njiani ni kuwachelewesha.

Sasa kosa langu la pili. Dizaini ilisema friza ya soda ikae juu, jikoni. Wateja wakawa wavivu kupanda. Nikavuta waya, nikaishusha friza bondeni. Devota alinikumbusha maneno ya Papa Fidèle, nikamwambia ni kwa siku chache. Siku chache zikafika mwezi wa nne.

Jumapili moja, saa nane mchana, jua linawaka, wateja wanakula. Simu ikaita. Shemeji Jonas.

Alikuwa na furaha, sauti yake tu ilitosha. Akaniambia pole shemeji, pole sana mapema, huku juu mto umeanza kubeba migomba mizima, mvua iko vilimani huko, we kwaheri. Nikamwambia asante. Alidhani namkejeli. Wakuu, kutoka shamba lake mpaka kwangu maji huchukua karibu saa nzima. Alinipigia kunicheka, akanipa saa nzima. Mpaka leo hajajisamehe.

Nikampigia Filimoni. Wateja wakasaidia kubeba viti, wengine sahani bado mkononi. Kibanda cha kwanza kikaondoka, cha pili, cha tatu, vinapanda mlima na miguu ya watu chini yake. Nilisimama nikaangalia kidogo, nikasahau kama kuna mafuriko. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kujenga.

Ikabaki friza. Imejaa soda, hakuna muda wa kupakua, na jikoni hakuna tena nafasi, vibanda na viti vimejaa. Filimoni akaitazama. Akasema huyu ni mgonjwa mzito, leteni ingobyi. Wakailaza, wakaifunga kamba. Manyunyu yalikuwa yameanza, Devota akavua kitenge chake cha juu akaifunika kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wanne wakaweka mabegani wakaanza kupanda kwenda kwa baba mkwe, ndiko kwenye nafasi. Devota nyuma yao, viatu mkononi, analia. Alikuwa analilia bonde lake.

Mimi nikabaki chini kuchomoa pini za kibanda cha mwisho.

Jiwekeni kwenye nafasi ya mtu aliyekuwa anatoka ibada ya mchana kanisani saa ile. Anaona ingobyi inapanda kutoka mtoni. Kuna mtu kalala, kafunikwa gubigubi. Mke wa fundi nyuma, analia, peku. Fundi mwenyewe haonekani.

Nani angeuliza?

Wanaume wakaweka Biblia mifukoni, wakapokea miti. Wale wabebaji wanne wa kwanza, waliokuwa wanajua ni friza, wakashukuru, wakakimbia kurudi bondeni kunisaidia. Wakapokezana tena pale kwenye kona. Kufika mbele ya kanisa, hakuna hata mmoja mwenye mti begani aliyejua amebeba nini. Walijua tu ni mzito, na wakasema marehemu huwa mzito.

Akina mama wakamzunguka Devota, wakamshika mikono, wanampa pole. Yeye akadhani ni pole za mafuriko. Anasema alishangaa jinsi wanawake wa Murungu walivyo na huruma, akazidi kulia.

Halafu mama mmoja akaingiza mkono chini ya kitenge, amshike mguu, amwombee. Akautoa haraka. Wa baridi.

Hapo habari ikabadilika. Mpaka wakati ule nilikuwa mgonjwa. Vilio vikaanza. Mtu mwenye namba ya mama yangu Kasulu akampigia kumwambia ajikaze.

Sasa mimi. Maji yalifika, tukatoka na kibanda cha nne yakiwa magotini, na benchi moja likaenda na mto, Mungu aliweke pema. Nikapanda njia ya mkato ya migombani, nimejaa tope mpaka nyusi. Nikasikia kilio kwa baba mkwe. Nilidhani ni mzee mwenyewe kaanguka, au Devota. Nikakimbia nikatokea nyuma ya nyumba, nikasimama nyuma ya watu kama arobaini hivi, wote migongo kwangu.

Katikati, friza yangu kwenye ingobyi. Katekista kavua kofia, anaomba. Anaomba vizuri, anaeleza jinsi nilivyokuwa fundi mwaminifu, nisiyepandisha bei ovyo. Wale wa kijiweni walikuwa wanaitikia amina. Nikashindwa kuelewa kwa nini friza inaombewa, na kwa nini kwa jina langu. Devota akina mama walikuwa wameshamwingiza ndani alale, hakuyasikia hayo.

Wakampa nafasi baba mkwe. Alisimama, mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuangalia pembeni, alikiangalia kile kitenge.

"Kijana wa watu huyu," akasema. "Kiwanja nilishampa siku ile ile anabomoa ukuta wake. Mwanaume anayebomoa ujinga wake mchana, watu wakimwona, ni mwanangu. Nilikuwa namtisha tu. Jonas, umesikia. Wote mmesikia."

Wakuu, machozi yalinitoka. Nikasahau kwamba mimi ndiye maiti. Nikasema kwa sauti, "Asante, baba."

Watu wakageuka.

Sitaki kueleza sana kilichofuata. Kuna mtu alikimbilia ndani ya nyumba kwa kupitia dirishani. Katekista alirudi hatua tatu akiwa ameinua kitabu. Aliyenifikia wa kwanza ni mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe ni salamu za mbali, hata mkono hampeani. Yule mama alinikumbatia na tope langu lote, akanipapasa uso, mabega, masikio, akasema ni wa moto, ni wa moto huyu, jamani. Tangu siku ile tumerudi kwenye salamu za mbali, hatujalizungumzia.

Devota alitoka ndani kwa zile kelele, na ndiye aliyefunua kitenge. Soda zikaonekana, zote mpaka mirinda.

Baba mkwe akatazama friza, akanitazama, akarudi kuangalia pembeni kama kawaida yake.

"Maji yakishuka," akasema, "mrudisheni mgonjwa kwake."

Waliobeba ingobyi hupewa kinywaji, ndiyo desturi. Na siku ile waliobeba walikuwa wengi. Friza ilirudi bondeni nyepesi sana.

Mama yangu aliingia jua likizama kutoka Kasulu, na kina mama watatu na gunia la unga, amefunga kitambaa kichwani. Aliponiona nimekaa nakula alinipiga kofi, kisha akakaa akala. Unga ulitusaidia.

Siku ya tatu maji yalishuka. Tulikuta bomba zote mahali pake, mawe yamesafishwa, mtaro umefanya kazi, na ukingoni mto umetuachia tope jeusi zuri. Tukafagia, tukarudisha vibanda, jioni Devota akapika. Kile kipande cha tope ukingoni nilimpa Jonas apande maharage ya kiangazi, kwa ile saa nzima. Ananiuzia mimi mwenyewe hayo maharage, lakini ni mazuri.

Kibao changu cha RIVERSIDE GARDEN kipo bado, hakuna anayekisoma. Ukija Murungu mwambie bodaboda akupeleke Kwa Mgonjwa. Usiseme jina lingine, utazungushwa.

Nilichojifunza: ukipima mto, usiupime mwezi wa nane. Angalia takataka zilizonasa kwenye matawi, uliza akina mama wanaochota maji, na uangalie mlima wa nyuma yako kabla ya mto wa mbele yako. Na kama dizaini imesema friza ikae juu, iache juu.

Wenye uzoefu wa Kilombero, Rufiji na huko Msimbazi, hebu leteni mnavyofanya kwenu. Na yule wa ukuta mkubwa, bado nina nyundo, njoo PM nikuazime.

Ah, na baba mkwe. Nilimuuliza majuzi kuhusu maneno yale aliyosema pale uani. Akasema hakumbuki kama nilikuwepo, yeye siku ile alikuwa anaongea na friza. Lakini karatasi ya kiwanja ameshaisaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na majina yaliyoandikwa pale ni langu na la Devota.